Sauti Nzito Isiyo na Maneno: Ngoma ya Gogo ya Nyangwe na Bendi Isiyo na Mwimbaji

Utangulizi

Mwenzangu wa chumbani bwenini ana mazoea ya kusoma usiku huku akipiga muziki wa bendi moja ya Chicago iitwayo Russian Circles. Ni gitaa, besi na dramu, mwimbaji hakuna. Usiku wa kwanza nilisubiri dakika tano nzima mtu aanze kuimba, kisha nikamwuliza, "Hawa wanasema nini?" Akanijibu bila kuinua macho, "Hawasemi kitu. Wewe sikiliza tu."

Swali hilo niliwahi kuliuliza mahali pengine. Nilikuwa na umri wa miaka saba au minane, nyumbani Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba. Ngoma ililia usiku kutoka ng'ambo ya mto, nzito, polepole, kwa muda mrefu. Nikamwuliza babu yangu mzaa mama, Mgenya, mvuvi: "Koko, ile ngoma iko nasema nini?" Alinyamaza mpaka ngoma ikamaliza. Kisha akasema kwamba kuna mzee amefariki katika kijiji cha juu ya mto, akautaja ukoo wake, akaongeza kuwa wenye mitumbwi wanahitajika alfajiri. Kulipokucha tukaona ni kweli.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda likizo. Ngoma ililia tena, safari hii mchana, kwenye kilio. Niliwauliza binamu zangu wanne swali lile lile. Wote walinijibu kwa maneno matatu: "Ni ngoma tu."

Makala haya yanachunguza umbali uliopo kati ya jibu la babu na jibu la binamu zangu, na nimeitumia bendi ya Chicago kama kipimo. Dai langu ni hili: ngoma ya gogo ni usemi kwa yule tu ambaye lugha yake ina toni na ambaye anaijua lugha hiyo. Lugha hiyo ikiondoka masikioni mwa wasikilizaji, ngoma ile ile, ikipigwa na mkono ule ule, inageuka kuwa muziki mzito usio na maneno. Nyangwe, ambapo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, ni mahali pazuri pa kuona jambo hili likitokea.

1. Uzito bila mwimbaji

Russian Circles iliundwa mwaka 2004. Albamu yake ya kwanza, Enter, ilitoka mwaka 2006, na ya nane, Gnosis, mwaka 2022. Katika kazi hizo zote sauti ya binadamu inasikika mara chache mno. Muziki wao huitwa posti-metali, tawi la muziki wa metali lililokua kutokana na bendi kama Neurosis na Isis: nyimbo ndefu, mwendo wa taratibu, sauti za chini, gitaa lililokwaruzwa kwa umeme hadi likawa kama ukuta. Kwa bendi hizo za mwanzo mwimbaji alikuwapo, ila sauti yake ilizama ndani ya ukuta huo. Russian Circles, na kabla yao Pelican, nao wa Chicago, walimwondoa kabisa.

Mpiga gitaa wao, Mike Sullivan, hukanyaga kifaa kinachorekodi kipande kifupi na kukirudia chenyewe. Juu ya kipande hicho hupiga kingine, na juu ya hicho kingine tena. Watu watatu wanasikika kama sita. Msikilizaji anahisi kitu kinakaribia: kwanza mvumo wa mbali, kisha mrindimo, kisha kishindo.

Je, kuna maana humo? Ipo, lakini ni ya namna gani? Naona njia tatu ambazo maana hupitia. Ya kwanza ni mfanano: besi nzito inafanana na radi, nasi tumezaliwa tukiiogopa radi. Ya pili ni matarajio: kipande kikirudiwa mara nane, masikio yanangoja mabadiliko, na kungoja huko ndiko kunakofunga kifua. Ya tatu ni jina la wimbo, na hapa ndipo mwanaisimu anapaswa kusimama. Katika albamu yao ya 2016, Guidance, kuna wimbo usio na maneno uitwao "Afrika". Nimeusikiliza mara nyingi. Kama jina lingefutwa, hakuna chochote ndani ya sauti zenyewe ambacho kingenipeleka Afrika badala ya Siberia. Neno lililo juu ya kasha linafanya kazi ambayo gitaa haliwezi kuifanya.

André Martinet alitufundisha kwamba lugha ya binadamu imeundwa kwa ngazi mbili: vipashio vyenye maana, navyo vimejengwa kwa vipashio vidogo zaidi visivyo na maana, ambavyo hutofautisha tu. Muziki wa bendi hii una vipashio vingi, lakini hauna ngazi hizo mbili. Hakuna pigo la besi ambalo, likibadilishwa, "mvua" inakuwa "vita". Kwa hiyo mwenzangu wa chumbani alisema kweli: hawasemi kitu.

2. Gogo linalosema

Ngoma ninayoizungumzia haina ngozi. Ni kipande cha mti mgumu kilichochimbwa ndani kupitia mpasuo mwembamba ulio juu. Watetela na ndugu zao huiita lukumbi. Kwa Kilingala ni lokole. Midomo miwili ya mpasuo huchongwa kwa unene tofauti, hivyo mmoja ukigongwa hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Sauti hizo huvuka maji na misitu kwa kilomita kadhaa, zaidi wakati wa usiku hewa inapotulia.

Sauti mbili tu zinawezaje kutangaza msiba, kumtaja marehemu na kuita mitumbwi? Maelezo yaliyoenea zaidi yaliandikwa na John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Yakusu, karibu na Kisangani ya leo, mwaka 1938, na kuchapisha kitabu chake Talking Drums of Africa mwaka 1949. Kazi yake ilihusu Kilokele, ambacho, kama lugha nyingi za Kibantu, kina toni mbili za msingi: ya juu na ya chini. Kwa Kilokele neno lisaka, silabi zote tatu zikiwa na toni ya chini, ni dimbwi la kinamasi. Silabi ya mwisho ikipandishwa, ni ahadi. Silabi mbili za mwisho zikipandishwa, ni sumu. Konsonanti ni zile zile, irabu ni zile zile. Toni pekee ndiyo inayomtenganisha mtu anayekupa ahadi na mtu anayekupa sumu.

Ngoma huacha konsonanti na irabu, huchukua toni. Hapo linatokea tatizo ambalo msomaji ameshaliona: maneno mengi yana mpangilio mmoja wa toni. Neno la silabi mbili zenye toni ya juu laweza kuwa mwezi, kuku, au vitu vingine kadhaa. Wapiga ngoma walitatua tatizo hilo kwa kurefusha. Hawapigi "mwezi" peke yake. Hupiga kirai kizima kinachoueleza mwezi kwa kazi yake ya kuitazama dunia kutoka juu. Kuku naye ana kirai chake, na hata mtu ana jina lake la ngoma, refu kuliko la kawaida. Kirai kirefu kina mpangilio wa toni ambao hauwezi kuchanganywa kwa urahisi na kingine. Carrington alikadiria kuwa ujumbe wa ngoma huhitaji takriban mara nane ya maneno ya usemi wa kawaida.

Kwa hiyo ule urefu na marudio niliyoyasikia utotoni, ambayo kwa sikio la leo yanafanana na wimbo wa Russian Circles, yalikuwa na sababu nyingine kabisa. Bendi hurudia ili kujenga hali. Mpiga ngoma hurudia ili asieleweke vibaya.

Theodore Stern, katika makala yake ya mwaka 1957, alitenganisha mifumo miwili ya vibadala vya usemi. Mmoja hufupisha: huchukua sehemu ya sauti za lugha, kama toni, na kuacha zilizobaki. Mwingine huweka ishara kwa makubaliano: pigo fulani limekubaliwa kuwa na maana fulani, bila kufanana na neno lolote. Ngoma ya gogo kimsingi ni ya kundi la kwanza. Tofauti hii itatusaidia tukirudi Nyangwe.

3. Kwa nini Kiswahili hakipigiki

Wilaya za Kasongo na Kabambare zina lugha nyingi. Katika uainishaji wa Guthrie, Kigenya ni D14, Kizimba D26, Kibangubangu D27, Kibuyu D55, na Kikusu, kilicho jamaa ya Kitetela, ni C72. Toni za lugha hizi si jambo la kukisia. A. E. Meeussen alichapisha muhtasari wa sarufi ya Kibangubangu mwaka 1954, na Jaap Spa alitoa kitabu kizima kuhusu fonolojia na toni za Kigenya mwaka 1973. Kazi zote mbili zilitoka Tervuren.

Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya kutoka pwani. Nyangwe ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa Zanzibar kuanzia miaka ya 1860 hivi. David Livingstone, aliyefika mwishoni mwa Machi 1871, alikuta soko kubwa la kando ya mto. Tarehe 15 Julai mwaka huo alishuhudia watu wa wafanyabiashara hao wakiwamiminia risasi wauzaji na wanunuzi sokoni. Lugha ya waungwana, Kingwana, ilikua katika mazingira hayo ya biashara na bunduki. Baadaye ilipita katika utawala wa kikoloni, makanisa na shule, ikawa lugha ya wote, na leo Kiswahili ni miongoni mwa lugha nne za taifa nchini Kongo. Mama yangu alinilea kwa Kingwana. Kigenya alikielewa, lakini hakutuzungumzia. Mimi nina salamu na majina ya samaki.

Sasa, Kiswahili kimepoteza toni ambazo wanaisimu huzirejesha katika Kibantu cha kale. Mahali pake kuna mkazo, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Jozi zinazotofautishwa na mkazo pekee, kama barabara ya kupitia magari na barabara ya "sawasawa kabisa", zinahesabika kwa vidole. Katika Kingwana ninachozungumza sijakutana na jozi ya maneno inayotenganishwa na toni peke yake.

Msomaji afanye zoezi dogo. Agonge meza kwa mkono mmoja pale silabi inapokuwa na mkazo, na kwa mkono mwingine pale isipokuwa nao. Apige sentensi "Mama anakuja." Kisha apige "Bata analia." Kisha "Moto unazima." Mapigo ni yale yale sita, katika mpangilio ule ule. Aliye chumba cha pili hawezi kujua kama mama amefika, bata ana njaa au moto unakufa.

Hesabu yake ni rahisi. Katika lugha yenye toni mbili, silabi sita zinaweza kuwa na mipangilio 64. Kila lugha ina kanuni zake za kupunguza idadi hiyo, lakini hata nusu yake ni mali nyingi. Katika Kiswahili, ukishajua neno lina silabi ngapi, umeshajua mpangilio wake. Karibu hakuna habari mpya inayobaki. Hata virai virefu havisaidii sana, kwa kuwa kurefusha kisicho na tofauti ni kuongeza kelele tu.

Huenda mtu akapinga kwamba Waswahili wa pwani nao wana sauti zao za kutangazia mambo, kama baragumu, mbiu na siwa za Lamu na Pate. Ni kweli, lakini tuisikilize methali yenyewe: mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ina jambo; jambo gani, utaambiwa na mpiga mbiu kwa mdomo wake. Hiyo ni ishara ya makubaliano, kundi la pili la Stern. Pwani haikuwahi kuhitaji ala isemayo sentensi, na lugha yake isingeiwezesha. Vivyo hivyo mashabiki wa mpira wanaopiga ngoma kwa mdundo wa maneno yao: tunayatambua maneno kwa sababu tunayajua tayari. Kwa babu ilikuwa vingine: aliambiwa jambo ambalo hakulijua.

4. Kilichobaki masikioni

Turudi kwa binamu zangu. Wao si wavivu, wala hawadharau mila. Wanazungumza Kingwana, wanasoma Kifaransa, wanasikiliza muziki wa Kinshasa kwa simu. Ngoma inapolia wanasimama, wanaacha mzaha, mmoja aliniambia inamshika tumboni. Hayo ndiyo mwenzangu wa chumbani anayoyasema kuhusu Russian Circles. Uzito umebaki, maneno yametoka.

Mabadiliko haya yamejiandika hata katika vitenzi. Babu, akizungumza Kingwana, alisema ngoma inasema, inaita, inataja. Binamu zangu husema ngoma inalia, inapigwa, inavuma. Sijafanya utafiti rasmi, na wasikilizaji watano si sampuli. Lakini nadhani ni swali linalofaa tasnifu: katika vijiji vya Lualaba, ni watu wa umri gani wanaotumia kitenzi "kusema" kwa ngoma, na ni wa umri gani wameacha?

Lugha siyo sababu pekee, nami sitaki kuibebesha mzigo wote. Simu inapeleka habari ya msiba hadi Kindu na Kigoma kwa sekunde. Vita viliwatawanya watu, na mpiga ngoma aliyekimbia hakubeba gogo. Zaidi ya hayo, ngoma yenyewe hubeba maneno ya kale ambayo hata wazungumzaji wa lugha hujifunza kwa kukariri, hivyo kuna wanaoweza kutambua virai vichache bila kuijua lugha. Hata hivyo, anayetambua virai vitano alivyokariri amehamia kundi la pili la Stern: anazo ishara tano. Kirai cha sita kikipigwa, anasikia muziki.

Wala sisemi Kiswahili ni adui. Bila Kiswahili nisingeweza kuandika makala haya, na mtu wa Kabambare asingeelewana na mtu wa Kasongo sokoni. Ninachosema ni kwamba tulipopokea lugha hii tulifanya badiliko ambalo wakati huo hakuna aliyeliona kwa jicho la fonolojia: tulipata lugha isafirio mbali kwa mdomo na kwa karatasi, tukapoteza lugha iliyoweza kuvuka mto usiku.

5. Faili yangu

Katika likizo ile nilimrekodi mzee mmoja akipiga, kwa simu yangu. Faili ina dakika nne na sekunde kumi na moja. Nilifurahi sana, nikamshukuru, nikaondoka. Sikumwomba anitamkie maneno aliyoyapiga. Nilidhani nitarudi. Mzee huyo alifariki kabla ya likizo iliyofuata, na babu alikuwa ametangulia zamani.

Nimeifungua faili hiyo katika programu ya Praat. Mapigo yanaonekana wazi, ya juu na ya chini, na nafasi kati yake. Nimeyaandika yote katika daftari: chini, juu, juu, chini, na kuendelea kwa kurasa tatu. Kipande kimoja kinarudiwa mara sita, na ninashuku ni jina la mtu. Uchambuzi wangu wa kifonetiki ni kamili, na sijui hata neno moja la maana yake. Ninayo albamu ya posti-metali isiyo na hata jina kwenye kasha.

Kosa hilo ni langu, na ninalitaja hapa ili wenzangu wanaokwenda nyanjani wasilirudie. Anayerekodi ngoma ya gogo arekodi mambo manne. Kwanza, ngoma yenyewe. Pili, mpigaji akitamka kwa mdomo, polepole, kila kirai alichokipiga. Tatu, mpigaji au mtu mwingine akieleza maana ya kirai kwa lugha ya kawaida, maana maneno mengine ni ya kale. Nne, msikilizaji ambaye hakuwapo, mwanamke au mwanamume, achezewe rekodi na kuulizwa amesikia nini. Hili la nne husahaulika, ilhali ndilo linalothibitisha kuwa ngoma bado ni lugha: lugha haikai mikononi mwa mpigaji peke yake.

Hitimisho

Bendi ya Chicago na ngoma ya Nyangwe zinafanana kwa sikio: sauti nzito, ndefu, zenye kurudiwa, bila mdomo wa mtu. Zinatofautiana kwa kilicho chini yake. Chini ya bendi kuna hali ya moyo, na hilo linatosha kwa kazi yake. Chini ya ngoma kuna sentensi, na sentensi hizo zinategemea toni za lugha ambazo wajukuu wa wapigaji hawazizungumzi tena. Ngoma ya gogo yaweza kuendelea kupigwa kwa miaka mia moja baada ya kuacha kusema, na wageni watakaoirekodi hawatajua kuwa kuna kilichopungua.

Nitarudi Nyangwe mwezi Agosti. Bado kuna bibi mmoja, dada wa babu, anayekaa karibu na kivuko. Nitampigia faili yangu ya dakika nne, na nitamwuliza swali lile lile nililoliuliza nikiwa mtoto. Akinijibu kwamba ni ngoma tu, nitaliandika jibu hilo pia.